Uwanja wa wote: kuhusu watu wenye ulemavu wanaokataliwa mara mbili



Mahali popote ambapo wakimbizi wa ndani wamekusanyika, sehemu kubwa ya maisha hupita nje. Hema la bashi ni dogo, mchana lina joto na usiku lina baridi. Watu hupika nje, huchota maji nje, husali nje, hungoja posho nje. Chini ya mti au kando ya robine ndipo tunaposikia kama njia ya kwenda shambani ni salama, nani anatafuta vibarua, mtoto gani amepotea. Vijana wa makabila yaliyopigana hukutana kwanza kwenye uwanja wa mpira, kabla ya kukutana katika mkutano wowote wa amani. Kwa hiyo mtu asiyeweza kufika kwenye njia, robine na uwanja yuko nje ya jamii, hata kama jina lake limo katika orodha ya kambi.

Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza sehemu hizo ili mtu mwenye ulemavu aweze kuzifikia, na akifika asitukanwe wala kupigwa. Tutazungumza hasa juu ya watu ambao hawatajwi katika mikutano yetu: wenye ulemavu ambao pia ni wanaume wanaowapenda wanaume, wanawake wanaowapenda wanawake, watu wanaopenda jinsia zote mbili, na wale wanaojijua kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mashirika huwaita kwa herufi LGBTQ. Mtaani wanaitwa majina mengine, karibu yote ya matusi, nasi hatutayarudia hapa.

Tunajua kwamba habari hii ni nzito kwa wasomaji wengi. Hatumwombi pasta, padri wala imamu abadili mafundisho yake. Swali letu ni dogo zaidi, na ni la kila siku: je, mtu huyu anaweza kwenda kuchota maji na kurudi akiwa mzima?

Ni akina nani?

Shirika la Afya Ulimwenguni, tunaloliita OMS, lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu watu 16 katika kila watu 100 duniani wana ulemavu mkubwa. Kwa hesabu hiyo, eneo lenye wakimbizi 10,000 lingekuwa na watu kama 1,600 wasioona vizuri, wasiosikia, wasiotembea vizuri au wenye shida ya akili. Mahali pa vita, risasi, mabomu, polio na uzazi usio na mkunga huzidi kuwaongeza. Kiongozi akiwaona wawili au watatu tu mkutanoni, asiseme kwamba ni wachache. Aulize wengine wako wapi. Mara nyingi wako ndani ya hema, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuwabeba.

Kuhusu wanaopenda wa jinsia yao, hatuna hesabu ya kuwapa, na tunawasihi msiitafute. Orodha ya namna hiyo ikianguka mikononi mwa watu wenye silaha, au hata mikononi mwa jirani mwenye hasira, inaweza kuua. Inatosha kujua kwamba wako katika kila kabila na katika kila kanisa, na kwamba mtu haambukizwi kwa kuketi karibu nao. OMS iliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Si ugonjwa unaotibiwa kwa kufunga mtu kamba au kumnyima chakula.

Kuna tena kundi jingine ambalo matusi haya huliangukia. Hapa mashariki ya Kongo wanaume pia wamebakwa vitani. Wengi wao hawakusema, kwa kuogopa kuitwa wanawake au kuitwa majina yale yale tuliyokataa kuyaandika. Baadhi yao walibaki na majeraha yanayowazuia kutembea au kubeba mzigo. Mzee wa namna hiyo akipita njiani na vijana wakacheka, vijana hawajui wanamcheka nani. Huyu ni baba wa watu, naye hajafanya lolote ila kunusurika. Kwa hiyo hata kiongozi ambaye hataki kabisa kusikia habari za LGBTQ ana sababu ya kuzuia tusi hili katika uwanja wake.

Mkono wa mwingine

Kwa nini tunasema wanakataliwa mara mbili? Tuchukue mfano wa kijana asiyetumia miguu, ambaye ana baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Njia ya kwenda kwenye robine ni mawe matupu, kwa hiyo kila siku lazima kaka yake amsukume. Siku moja uvumi unazuka juu ya kijana huyo na rafiki yake. Kaka anaona haya na anaacha kumsukuma. Mama anaogopa majirani na ananyamaza. Kijana mwenye miguu mizima, akisemwa hivyo, anaweza kuhamia mtaa mwingine au kwenda mjini usiku huo huo. Huyu hawezi. Atabaki pale pale alipo, na maji yake, chakula chake na choo chake viko mikononi mwa watu waliokasirika.

Kiziwi naye ana shida yake. Akipigwa njiani, ili ashitaki anahitaji mtu wa kutafsiri alama zake, na mtu huyo kwa kawaida ni ndugu. Atawezaje kueleza sababu ya kupigwa mbele ya ndugu asiyetakiwa kujua? Kipofu anayeongozwa na mtoto wa shangazi hawezi kumtembelea mtu yeyote bila nyumba nzima kupata habari. Mtu anayehitaji mkono wa mwingine hana siri, na asiye na siri hana pa kujificha.

Hapa ndipo penye wazo letu kubwa. Njia inayomwezesha mtu kwenda peke yake ni ulinzi wa kwanza, kabla ya polisi na kabla ya mahubiri. Mtu anayeweza kujifikisha kwenye maji, kwenye choo na kwenye zahanati hawezi kufungwa nyumbani kirahisi. Nao uzuri wake ni kwamba njia hiyo haimfichui mtu. Mama mjamzito, mzee mwenye fimbo, mtoto mwenye bidoni na mwenye chukudu wote wanapita humo humo, na hakuna anayejua nani aliihitaji zaidi.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi kutenga mahali pa pekee kwa ajili ya watu hawa. Baadhi ya wageni wenye nia njema hupendekeza hivyo. Lakini mahali pa pekee ni kama bango lililoandikwa majina. Tulione jambo lililotokea katika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, ambako pia kuna wakimbizi wengi kutoka Kongo. Huko wakimbizi wa LGBTQ waliishi pamoja katika sehemu iliyojulikana na watu wote. Machi 2021 walirushiwa moto usiku. Wanaume wawili waliungua, na mmoja wao alifariki mwezi uliofuata. Kuishi pamoja kuliwapa faraja, lakini pia kulimwonyesha adui mlango.

Njia yenyewe

Wengi wenu mliishi kando ya Goma, na mnajua mawe ya volkeno kuliko sisi. Kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilivunjwa Februari 2025, na familia zilitawanyika: wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa familia zilizowapokea, wengine katika viwanja vya makanisa na shule. Mashauri yafuatayo yanafaa mahali hapo pote, hata kijijini ambako hakujawahi kuwa kambi.

Anza na njia moja tu, ile inayotumika kuliko zote, kwa kawaida ile ya kutoka makazi hadi kwenye maji. Ipimeni upana. Kiti cha magurudumu kinahitaji sentimita 90 ili kipite bila kugonga. Mita 1 na nusu inatosha kugeuka. Mita 1 na sentimita 80 inatosha viti viwili kupishana. Mawe makubwa yapasuliwe kwa nyundo na kuondolewa. Kisha mwageni kokoto ndogo pamoja na udongo, mwagilieni maji kidogo na mshindilie vizuri. Tunasisitiza kushindilia. Kokoto zilizomwagwa tu zinapendeza kwa macho, lakini gurudumu linazama ndani yake kama kwenye mchanga wa ziwa, na gongo linateleza.

Penye kupanda, hesabu inayotumika duniani ni ya 1 kwa 12. Maana yake, kila sentimita 10 za kwenda juu zinahitaji sentimita 120 za urefu wa mteremko. Kama kizingiti cha ofisi ya kugawia jetoni kina urefu wa sentimita 30, basi mteremko wake uwe na mita 3 na sentimita 60. Mafundi wengi hukata ukafupi ili kuokoa mbao na simenti, na matokeo yake ni mteremko ambao mtu hawezi kuupanda bila kusukumwa. Tumerudi pale pale kwenye mkono wa mwingine. Afadhali kujenga mteremko mmoja ulio sawa kuliko mitatu iliyo mikali.

Kwa asiyeona, panga mawe ukingoni mwa njia, mfululizo, ili fimbo yake iyaguse. Au funga kamba kwenye vigingi, kwa usawa wa kiuno, kutoka hema lake hadi chooni. Kwa anayeona kidogo, paka mawe hayo chokaa. Mtaro wa maji ya mvua ukikata njia, ufunikwe. Weka pia mahali pa kupumzikia, hata gogo tu chini ya kivuli, kwa sababu mwenye magongo huchoka upesi kuliko mwenye miguu. Na gogo hilo liwe mahali ambapo kila mtu hupita. Kiti kilichofichwa nyuma ya migomba ni mahali pazuri pa kumvamia mtu.

Mafundi wa chukudu wasisahauliwe. Mtu anayejua kutengeneza chukudu ya kubeba magunia ya makala kwenye mawe ya Goma anaelewa gurudumu, uzito na breki. Anaweza kurekebisha baiskeli ya magurudumu matatu, kutengeneza magongo na kujenga daraja dogo la mbao. Fundi huyo yuko karibu, na hahitaji mradi mkubwa ili aanze.

Maji, choo na posho

Kanuni za Sphere, ambazo mashirika mengi ya misaada huzifuata, zinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, robine isiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba, watu wasizidi 250 kwa robine moja, na mstari usichukue zaidi ya dakika 30. Kiongozi ana haki ya kuzitaja hesabu hizi mbele ya shirika lolote. Robine yenyewe iwe kwa kimo ambacho mtu aliyeketi anaifikia, na pembeni yake pawe na jukwaa dogo la kuwekea bidoni, ili mtu asilazimike kuinua lita 20 kutoka chini.

Mstari wa maji ndipo matusi huanza. Watu wamechoka, jua ni kali, bidoni zinagongana, na aliye dhaifu ndiye anayesukumwa nje. Pale ambapo mlinzi wa robine ana amri iliyo wazi, anayetukana anarudi mwisho wa mstari, bila kujali ametukana kabila, ulemavu au jambo jingine. Adhabu ni ndogo, inaeleweka, na haihitaji kikao.

Choo kinahitaji maelezo marefu kidogo. Kanuni hizo hizo zinataka kiwe karibu, isizidi mita 50 kutoka makazi, na kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, mlango uwe na upana wa sentimita 90, ufunguke kwa nje, ndani pawe na nafasi ya kugeuka, kiti cha kukalia na fimbo za kushikia ukutani. Lakini tujiulize: mwanamke asiyetembea, anayesaidiwa na mumewe au na kijana wake, aingie upande gani? Akienda kwa wanawake, msaidizi anafukuzwa. Akienda kwa wanaume, ni yeye anayeona aibu. Wengi huamua kutokunywa maji mchana kutwa ili wasihitaji choo, na wanaugua.

Dawa yake ni rahisi. Katika kila safu ya vyoo, jengeni angalau kimoja au viwili vya familia: chumba kimoja chenye mlango kamili, komeo la ndani na taa ya jua karibu, bila alama ya mwanamume wala mwanamke. Mama mwenye watoto wa kiume anakitumia. Mzee na mjukuu wake wa kike wanakitumia. Na mtu ambaye kwa mavazi yake au sura yake hufukuzwa katika safu zote mbili anakitumia pia, na hakuna anayemwuliza kitu. Katika ujenzi wote wa mahali pa wakimbizi, sisi hatujui kitu kidogo kinachosaidia watu wengi hivyo kwa wakati mmoja.

Sasa posho. Kwa kawaida wenye ulemavu huruhusiwa kumtuma mtu akachukue kwa jetoni yao. Ni jambo jema, lakini lina mtego. Kama jamaa anayetumwa ndiye huyo huyo aliyemkataa, unga na mafuta havifiki. Kwa hiyo mwenye jetoni achague mwenyewe nani amchukulie, aweze kumbadilisha anapotaka, na asilazimishwe kueleza sababu. Vilevile mtu aliyefukuzwa katika familia hupoteza posho, kwa kuwa jina lake limeandikwa chini ya baba au kaka. Rais wa kambi anaweza kuomba aandikwe peke yake. Akiulizwa na mwenye kuandikisha, inatosha kusema: haishi tena katika nyumba ile. Maneno hayo ni kweli, na hayamchongei mtu.

Uwanja wa furaha

Wengine hudhani kwamba mwenye ulemavu anahitaji maji, dawa na posho, basi. Tuwakumbushe kundi la muziki la Kinshasa liitwalo Staff Benda Bilili. Waanzilishi wake walikuwa wanaume waliopooza kwa polio, waliokuwa wakiishi mitaani na kutembea kwa baiskeli za magurudumu matatu. Walifanya mazoezi nje, katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, na humo ndimo sehemu kubwa ya albamu yao ya mwaka 2009 ilirekodiwa. Mwaka 2010 filamu juu yao ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, nchini Ufaransa. Jina la kundi, kwa Lingala, linamwambia mtu atazame zaidi ya kile macho yanachoona. Yote hayo yasingekuwapo kama mlinzi wa bustani angewafukuza langoni.

Katika uwanja wa kawaida kuna mchezo mmoja tunaoupendekeza, voleboli ya kuketi. Unachezwa katika michezo ya Paralimpiki. Kiwanja kina mita 10 kwa 6, na wavu una kimo cha mita 1 na sentimita 15 kwa wanaume, mita 1 na sentimita 5 kwa wanawake. Kamba moja na wavu wa samaki uliochakaa vinatosha kuanza, juu ya ardhi laini isiyo na mawe. Kila mchezaji huketi chini, awe na miguu au asiwe nayo, na aliyezoea kutumia mikono mara nyingi humshinda mwenye miguu. Pale ambapo vijana wa pande mbili zilizogombana wanatakiwa kucheza pamoja, tunaona mchezo huu unafaa kuliko mpira wa miguu, kwa maana hauna kugongana mwilini na si rahisi kuugeuza kuwa vita vya kabila.

Mwamuzi atangaze kabla ya mchezo maneno ambayo yakisemwa mpira unasimama. Ayataje mara moja, yote, pamoja na yale ya makabila. Baadaye asihutubu tena.

Sheria inasema nini

Viongozi wengi hudhani kwamba kumfukuza mtu wa LGBTQ ni kutii sheria. Inafaa kujua ukweli. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa kuwa ya watu wa jinsia mbili tofauti. Hadi tunapoandika haya, kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa kifungu cha 176, juu ya kuvunja adabu hadharani, kimetumiwa dhidi ya watu hao. Hakuna sheria yoyote inayomruhusu raia kumpiga mwenzake, kumchomea hema au kumnyima maji. Katiba hiyo hiyo inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria (kifungu cha 12), na kwamba binadamu ni mtakatifu (kifungu cha 16).

Kwa upande wa ulemavu sheria ni wazi zaidi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa wazee na wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unataja waziwazi ulinzi wao wakati wa vita na majanga. Tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya nchi namba 22/003 juu ya haki hizo. Kiongozi anayeomba njia au choo kutoka kwa shirika au serikali anaweza kuitaja.

Wanaovuka mpaka wawe waangalifu, kwa sababu sheria hubadilika mpakani. Rwanda haina sheria inayokataza mapenzi ya jinsia moja. Burundi iliyakataza mwaka 2009. Kenya na Tanzania zina vifungu vilivyotoka wakati wa ukoloni wa Waingereza. Uganda, ambako Wakongomani wengi wanaishi Nakivale, Kyaka II na kwingineko, ilipitisha sheria kali mwaka 2023. Sheria hiyo inaweka adhabu ya kifo kwa kosa linaloitwa zito, na mojawapo ya sababu za kulifanya zito ni kwamba mwenzake mtu ana ulemavu. Mwaka huo huo kijana mmoja alishitakiwa huko Soroti kwa sababu hiyo. Ni kana kwamba mtu mwenye ulemavu hawezi kamwe kuamua moyo wake mwenyewe, nasi tunaona hilo ni kumdharau chini ya jina la kumlinda. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo, lakini ilifuta kifungu kilichomlazimisha mtu kuwachongea wengine.

Kuhusu makanisa, tuseme mambo mawili kwa uaminifu. Mwanzoni mwa 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walikataa kubariki wapenzi wa jinsia moja. Na Januari 2023, siku chache kabla ya kuja Kinshasa, Papa Fransisko alisema kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si kosa la jinai. Mkristo anaweza kushika yote mawili: asikubali ndoa hiyo, na asikubali mtu apigwe.

Uvumi ukizuka

Uvumi una njia zake, na njia hizo mnazijua. Mwaka 2021, Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa kwa kusemwa kuwa ni wachawi. Ulianza kwa neno la mtu mmoja, ukapitia kwenye maji na sokoni, ukaishia kwa petroli. Tusi la LGBTQ hupita humo humo, na aliye na ulemavu hudhaniwa haraka zaidi, kwa kuwa hajaoa au hajaolewa, na watu huona ajabu kwamba ana rafiki anayemtembelea.

Mtu akija kwa kiongozi na kusema, «Fulani ni hivi,» kiongozi aulize swali moja: amekudhuru vipi? Kama kuna aliyelazimishwa, au mtoto aliyeguswa, hilo ni kosa kubwa, liende kwa wenye mamlaka, yawe yamefanywa na mwanamume kwa mwanamke au vinginevyo. Kama hakuna aliyedhuriwa, kesi haipo, na kiongozi asiiitishie kikao. Kikao chenyewe ni hukumu, hata kikiisha kwa kumwachilia mtu, kwa maana kesho yake mtaa mzima unajua jina. Badala yake aende jioni kwa familia, kama mtu anayepita kusalimia. Azungumze na mama kwanza. Mara nyingi mama anajua tangu zamani, na alichokuwa akingoja ni kusikia mtu mkubwa akimwambia kwamba mtoto wake hatafukuzwa.

Pia awe na mpango wa usiku ule: nani mwenye ufunguo wa kanisa au wa shule, nani mwenye baiskeli ya kumbeba asiyetembea, namba gani ya simu ipigwe. Mpango wa namna hii upangwe na watu wawili au watatu wanaonyamaza, wala usiandikwe.

Mwisho, kuhusu kazi ya njia. Msiipime bila wenyewe. Wiki ya kwanza, mwombeni mtu wa magongo, mtu asiyeona, kiziwi na mama mzee watembee kutoka nyumbani hadi robine, chooni na uwanjani, nanyi mfuate nyuma bila kuwasaidia isipokuwa wakianguka. Kila wanaposimama, tieni alama ya chokaa. Mkifika mwisho mtakuwa na ramani ya kazi yote. Katika kamati ya njia wawemo angalau wawili kati yao, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wenye sauti sawa na wengine. Hakuna haja ya kuuliza habari nyingine yoyote ya maisha yao. Kisha rudieni matembezi hayo baada ya mvua ya kwanza kubwa, kwa sababu udongo utakuwa umeondoka na mawe yametokeza tena.